Intel, AMD, Apple au Snapdragon: prosesa ipi ikufae ukiwa Tanga

Mteja wa kompyuta za mtumba, awe Ngamiani au awe amempigia simu muuzaji wa Kariakoo amtumie mzigo kwa basi hadi stendi ya Kange, huanza na swali moja: "Hii i5 au i7?" Zamani swali hilo lilitosha. Leo linaweza kukuponza. Core i7-7500U ina viini viwili tu (kiini ni sehemu ya prosesa inayofanya kazi yenyewe). Core i5-8250U, iliyotoka mwaka mmoja baada yake, ina vinne, na kwa kazi nyingi inaiacha i7 hiyo mbali. Pembeni yake kwenye meza kuna Ryzen 5 ya AMD, kuna MacBook ya Apple yenye prosesa ya M1, na siku hizi kuna laptopu mpya yenye stika ya Snapdragon ambayo muuzaji naye haijui vizuri.

Hapa tunazilinganisha familia nne. Bei hatukuzitaja kwa tarakimu kwa sababu zinaenda na dola na mzigo ulioingia. Uliza maduka mawili siku ileile, kisha soma hapa ujue tofauti ya bei hizo inakununulia nini.

Vigezo

Vigezo ni vitano: nguvu kwa kazi halisi, joto na umeme, vipuri na mafundi, programu na vifaa vya kuchomeka, na muda ambao mashine bado itapokea masasisho. Joto na umeme tumevipa uzito kuliko makala nyingi zinavyofanya, kwa sababu zimeandikwa na watu ambao chumba chao hakifiki nyuzi 32 mwezi wa pili.

Ugomvi ulikotoka

Intel ilianzishwa 1968, AMD mwaka uliofuata. IBM ilipoichagua prosesa ya Intel 8088 kwa kompyuta yake ya 1981, haikutaka kutegemea kiwanda kimoja, na hapo AMD ikapata ruhusa ya kutengeneza prosesa za aina hiyohiyo. Ndiyo sababu mpaka leo Windows moja inaingia kwenye Intel na AMD bila kubadilishwa chochote. Mwaka 2003 AMD ikatoa mfumo wa biti 64 ambao Intel ililazimika kuufuata, na faili nyingi za kusakinisha Linux bado huandikwa "amd64" hata kama mashine yako ni ya Intel.

Kisha AMD ikalegea. Kuanzia 2011 prosesa zake zilikuwa za moto na zisizo na kasi, Intel ikakosa wa kuisukuma, na i5 za laptopu nyembamba zikabaki na viini viwili mwaka baada ya mwaka. Machi 2017 Ryzen ikaingia sokoni. Kabla mwaka huo haujaisha, i5 za aina hiyo zilikuwa zimefikisha viini vinne. Mnunuzi wa mtumba wa leo anakula matunda ya ugomvi huo: mstari kati ya kizazi cha 7 na cha 8 cha Intel ndio mstari muhimu kuliko yote dukani.

Apple ilianza kuachana na Intel Novemba 2020 ikaleta M1 yake yenyewe. Qualcomm, ambayo wengi tunaijua kwa simu, ikaingia kwa kishindo Juni 2024 na laptopu za Snapdragon X.

Soma namba yote, si stika

Stika hubandikwa na yeyote. Washa mashine, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, fungua kichupo cha Performance, na kwenye sehemu ya CPU utaona jina kamili na idadi ya viini.

Kwa Intel, tarakimu za mwanzo ni kizazi: i5-8350U ni cha 8, i5-10210U cha 10, i5-1135G7 cha 11. Herufi U maana yake inatumia umeme kidogo, H ni ya nguvu zaidi na moto zaidi. Kwenye kompyuta za mezani, F maana yake haina sehemu ya picha ndani, kwa hiyo bila kadi ya picha skrini haitaonyesha kitu. Tangu mwisho wa 2023 Intel imeanza kuandika Core Ultra, na baadaye Core 5 na Core 7 bila ile "i". Zile zinazoanzia N, kama N100, ni ndogo, za kazi nyepesi.

AMD ndiyo yenye mitego. Ryzen 5 5500U na 5600U zote zina viini sita, lakini ya kwanza imejengwa kwa usanifu wa zamani uitwao Zen 2 na ya pili kwa Zen 3. Kwenye mfululizo wa 7000 wa laptopu tazama tarakimu ya tatu. 7520U ni Zen 2 yenye viini vinne, 7530U ni Zen 3 yenye sita, 7840U ni Zen 4 yenye vinane. Mtu akikuambia "hii ni Ryzen ya 7000, mpya kabisa", muombe namba nzima.

Apple haina mafumbo: M1, M2, M3 na kuendelea, na maneno Pro au Max kwa zenye viini vingi zaidi. Snapdragon X ina ngazi pia, Elite ikiwa juu ya Plus.

Nguvu kwa kazi

Kwa Word, Excel, kivinjari chenye vichupo kumi na Zoom, i5 ya kizazi cha 8 yenye RAM ya GB 8 na SSD inatosha, na Ryzen 5 3500U inalingana nayo. Anayetumia hivyo tu asilipie zaidi kwa sababu ya jina. Pesa hiyo ikiongeza RAM hadi GB 16, ataiona faida kila siku.

Tofauti inaanza kwenye picha na video. Ryzen 3500U ina sehemu ya picha ya Vega 8 ndani, nayo inaipita waziwazi UHD 620, ile ya Intel ya kizazi cha 8, kwenye michezo. Ila Vega hiyo haina kumbukumbu yake, inakopa RAM, hivyo ikiwa na kipande kimoja cha RAM inapungua nguvu sana. Vipande viwili vya GB 4 vitaishinda GB 8 ya kipande kimoja. Intel ya kizazi cha 11 iko hivyohivyo: i5-1135G7 yenye kipande kimoja hujionyesha kama "UHD Graphics", ukiweka cha pili jina linabadilika kuwa "Iris Xe" na kasi inapanda.

Kwa wahariri wa video za harusi mambo yanageuka. Intel ina sehemu maalumu ya kusoma na kuandika video iitwayo Quick Sync, na kuanzia kizazi cha 11 inasoma HEVC ya 4:2:2 biti 10, aina inayotolewa na kamera nyingi mpya. M1 nayo inaisoma. Ryzen za laptopu zilizozoeleka sokoni haziisomi kwa njia hiyo, kwa hiyo kazi yote inawaangukia viini na video inakwamakwama kwenye dirisha la kuhariri. Dawa yake ni kutengeneza nakala nyepesi za kuhariria. Inawezekana, ila inakula muda na diski.

Ryzen inalipa kisasi pale kazi inapotaka viini vingi. Ryzen 5 Pro 4650U ina viini sita na nyuzi kumi na mbili ("threads", yaani kazi inazoshika kwa wakati mmoja), wakati i5-10210U ya kipindi chake ina viini vinne na nyuzi nane. Kusafirisha (export) video iliyokamilika bila Quick Sync, kubana mafaili makubwa, kuendesha mashine pepe (kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta): hapo AMD inapita.

Joto na umeme

Prosesa haipoi chini ya hewa iliyoizunguka. Chukua laptopu inayopanda nyuzi 60 juu ya hewa ya chumba ikifanya kazi nzito. Lushoto kwenye chumba cha nyuzi 20 itafika 80. Tanga mjini wakati wa kaskazi, chumba cha nyuzi 32, itafika 92. Intel nyingi za laptopu zina kikomo cha nyuzi 100, na zikikikaribia zinajipunguza kasi zenyewe. Mashine ileile, mkoa ni mmoja, kasi mbili.

Kwa Intel, za herufi H ndizo zinazoteseka zaidi hapa pwani. Ryzen U za kuanzia mfululizo wa 4000 zinafanya kazi nyingi kwa umeme kidogo, na tofauti utaisikia kwenye feni. MacBook Air ya M1 haina feni kabisa. Kwa kuandika na kuvinjari inabaki baridi, ila ukiibana kwa kusafirisha video ndefu inapunguza kasi ili bati la alumini lipate nafasi ya kutoa joto. Mwenye kazi hiyo kila siku atafute MacBook Pro ya inchi 13 ya M1, hiyo ina feni. Snapdragon X zina tabia ya Apple: umeme kidogo, joto kidogo, kasi ikiwa haijachomekwa haishuki sana.

Chumvi ni adui mwingine. Karibu na bahari, Raskazone kwa mfano, unyevu wenye chumvi unashika vumbi kwenye mapezi ya kupozea na kutengeneza utando ambao brashi kavu haiutoi. Kila miezi sita fungua, shika feni isizunguke, safisha kwa brashi laini na spiriti ya asilimia 90 au zaidi, acha ikauke kabla ya kuwasha. Pesti ya joto, ile inayopakwa kati ya prosesa na bamba la kupozea, ibadilishwe mtumba ukifika mikononi, kwa sababu ya awali huwa imekauka: tone la ukubwa wa punje ya mchele katikati linatosha kwa prosesa ya laptopu.

Umeme ukikatika, betri ndiyo inayohesabika kuliko chapa. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, kisha linganisha uwezo wa kiwandani na uliobaki. Iliyotoka na mWh 50,000 ikibaki na 30,000 iko asilimia 60, na hiyo ni sababu ya kushusha bei. ThinkPad T480 yenye Intel ina betri mbili, moja ndani na moja nyuma, na ya nyuma unaichomoa na kuweka nyingine bila kuzima. Kwa anayekaa penye mgao hiyo ni faida kubwa isiyohusiana na prosesa. Apple na Snapdragon ndizo zinazodumu zaidi kwa chaji moja: kwa M1 Air, Apple yenyewe inataja hadi saa 15 za kuvinjari, nawe kwa betri ya mtumba tegemea pungufu.

Na umeme ukirudi usikimbilie kuchomeka. Subiri dakika chache volti zitulie.

Vipuri na mafundi

Hapa Intel inaongoza Tanga, sababu ni wingi tu. EliteBook 840 G5, Latitude 7490, T480: fundi amezifungua mara nyingi, na madabodi (bodi kuu) za kukatia vipuri zipo. Ndugu zao wa AMD, kama EliteBook 745 au ThinkPad A485, zinachangia nao sehemu nyingi za umbo, hivyo skrini na kibodi mara nyingi zinaingiliana. Linganisha namba iliyoandikwa nyuma ya kipuri kabla ya kulipa. Madabodi haziingiliani. Angalia pia RAM: ThinkPad T495 ya AMD ina sehemu moja iliyochomelewa na nafasi moja tu ya kuongeza, wakati T480 ina nafasi mbili.

Prosesa ya laptopu ya sasa, ya kampuni yoyote, imechomelewa. Anayekuahidi kuitoa i5 akuwekee i7 kwenye laptopu ya namna hiyo, muage kwa upole.

Apple ni habari nyingine. RAM imo ndani ya prosesa na diski imechomelewa kwenye madabodi, kwa hiyo unachonunua siku ya kwanza ndicho utakachokuwa nacho siku ya mwisho. GB 8 haitakuwa 16. Kabla ya kulipa, muuzaji aifute mbele yako, uiwashe upya na uiunganishe na Wi-Fi. Ikitokea skrini ya kudai akaunti ya mtu au kusema inasimamiwa na kampuni, iache hapohapo. Waja leo waondoka leo ni sifa ya Tanga, isiwe ya mashine uliyoilipia.

Snapdragon bado ni chache, na nyingi RAM yake imechomelewa. Skrini ikivunjika utasubiri agizo.

Kwenye kompyuta za mezani, AMD ndiyo yenye ukarimu. Soketi ya AM4, yaani kikalio cha prosesa kwenye madabodi, imebeba Ryzen kuanzia mfululizo wa 1000 hadi 5000, hivyo madabodi ya zamani inaweza kupokea Ryzen 5 5600 kama mtengenezaji wake ametoa BIOS mpya (programu ya madabodi inayoiwasha mashine). Sasisha BIOS kabla prosesa ya zamani haijatoka, na mashine iwe kwenye UPS. Umeme ukikatika katikati, madabodi inaweza isiwake tena. Intel hubadili mara kwa mara: kizazi cha 8 kinatumia soketi ya LGA1151 kwa jina lilelile la kizazi cha 7, lakini hakiwaki kwenye madabodi za kizazi hicho.

Makosa ya mikono hapa ni mawili. AM4 ina pini kwenye prosesa, na pesti iliyokauka huing'oa pamoja na bamba la kupozea, pini zikapinda. Iwashe dakika kumi ipate moto, zima, chomoa umeme, zungusha bamba kidogo kushoto na kulia ndipo unyanyue. Intel pini ziko kwenye madabodi: ukizigusa kwa kidole umeharibu madabodi, na kifuniko cha plastiki kisitupwe. Jihadhari pia na Ryzen Pro zilizotolewa kwenye kompyuta za ofisi: baadhi zimefungwa kwa madabodi za chapa ileile na hazitawaka kwingine.

Kwa wanaojenga mpya: Intel nyingi za mezani za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa na kasoro ya volti iliyozidhoofisha, na marekebisho yake yamo kwenye BIOS zenye msimbo 0x12B wa 2024. Upande wa AMD, Ryzen 7000X3D baadhi ziliungua 2023 mpaka BIOS zikawekewa kikomo cha volti 1.3. Ukinunua ya mtumba kati ya hizo, sasisha BIOS kwanza. Marekebisho hayaponyi prosesa iliyokwisha kuharibika.

Programu na vifaa vya kuchomeka

Intel na AMD hapa ni sawa. Printa, skana, kisoma alama za vidole, programu ya uhasibu ya 2012: vyote vinaenda.

Snapdragon ndiyo ya kuulizia mara mbili. Programu zilizoandikiwa Intel zinatafsiriwa na Windows papo kwa papo, na nyingi zinaenda. Draiva, yaani programu zinazoendesha vifaa vya kuchomeka, hazitafsiriwi. Kifaa kisicho na draiva ya ARM64, aina ya prosesa ambayo Snapdragon ni mojawapo, hakitafanya kazi kikamilifu hata uhangaike vipi, na printa za zamani ndizo wahanga wa kwanza. Kabla ya kununua, ingia tovuti ya mtengenezaji wa printa yako uangalie kama neno ARM64 lipo kwenye orodha ya draiva.

Mac za M haziwezi kuwashwa moja kwa moja kwa Windows. Programu ya Windows tu itahitaji mashine pepe yenye Windows ya ARM, na kwa RAM ya GB 8 hiyo ni kujibana.

Muda uliobaki

Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida 14 Oktoba 2025. Windows 11 inakubali rasmi Intel kuanzia kizazi cha 8, ukiacha chache za cha 7. Kwa AMD mtego upo kwenye mfululizo wa 2000: Ryzen 5 2600 ya mezani imo, lakini 2400G ya mezani na 2500U ya laptopu hazimo. Ndiyo maana EliteBook 745 G6 yenye 3500U ni mali, na G5 yenye 2500U inayofanana nayo kwa sura ni ya kushushwa bei. MacBook za Intel nazo zimefika ukingoni, macOS 26 ndiyo ya mwisho kwao.

Nani achukue ipi

Steshenari yenye printa mbili, skana na foleni ya wanafunzi: kompyuta ndogo ya mezani ya Intel yenye i5-8500T, viini sita kwa wati 35. Ryzen 5 3400GE inafaa vilevile ukiipata. Zote mbili UPS ndogo inazibeba muda mrefu kuliko mashine kubwa ya zamani. Snapdragon usiiguse kwa kazi hii.

Mpiga video za harusi: Intel kuanzia kizazi cha 11 yenye vipande viwili vya RAM, jumla GB 16, au MacBook Pro ya M1 ya GB 16. Kama kamera yako inatoa H.264 ya kawaida, Ryzen ya viini sita inarudi kwenye ushindani na mara nyingi kwa bei ya chini.

Mwanafunzi wa chuo anayetaka pia kucheza mpira wa kompyuta jioni: Ryzen 5 3500U au 4650U, vipande viwili vya RAM. Asiyecheza achukue T480 na betri ya akiba.

Wakala wa forodha karibu na bandari, mwenye mifumo ya mtandaoni, Excel nzito na programu ya uhasibu ya Windows: Intel au AMD ya U yoyote kuanzia 2019. Chagua ile ambayo fundi wako ana madabodi yake.

Anayeandika, kusoma na kufanya mikutano kwa sola, Bweni ng'ambo ya Pangani au kijiji cha Muheza: M1 Air au Snapdragon X kama hana kifaa chochote cha kuchomeka. Akiwa na printa, Ryzen U, au kompyuta ndogo ya N100 akikubali upole wake.

Mwenye kompyuta ya mezani ya AM4 tayari: asinunue mashine mpya. Atafute BIOS, UPS ya kuazima kwa nusu saa, na Ryzen 5 5600 au, kama hana kadi ya picha, 5600G.